Benchi la Marehemu Desmond

Sehemu ya Sita

Turubai likavutwa.

Wiki iliyopita nilikuacha hapo, msomaji, uani kwa Beryl Stote, mvua inanyesha, askari wawili wameshika pembe za turubai, na mtaa mzima unachungulia nyuma ya mapazia. Najua umenitukana siku zote hizi. Haya, sogea karibu tuendelee.

Chini ya turubai palikuwa na benchi. Benchi refu la mbao za mtiki, la kukaa watu watatu, lile lile lililopotea kwenye yadi ya halmashauri ya Thornsea. Kwenye egemeo lake kibao cha shaba kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa: DESMOND APPLEGARTH, ALIYEPENDA KUKAA HAPA.

"Bi Stote," askari mmoja akauliza, "hili limefikaje kwako?"

Mtu mwenye akili zake timamu angesema hajui. Au angelia. Au angejifanya hasikii vizuri, maana umri unamruhusu. Beryl, mama wa miaka sabini na sita, aliyestaafu kazi ya kufua mashuka ya hoteli, alifunga kifungo cha juu cha koti lake la Jumapili akajibu:

"Nimeliiba. Twendeni basi, tutalowa bure."

Ndivyo alivyopanda gari la polisi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Majirani ambao hawajamsalimia tangu Krismasi wakapata la kuzungumza mpaka Krismasi nyingine.

Kama umejiunga nasi leo, usihangaike. Pale Thornsea, mtu akifiwa hulipia benchi ufukweni lenye jina la marehemu wake. Baada ya miaka kumi anatakiwa alipie upya. Asipolipia, benchi linang'olewa, linapelekwa yadini, linasubiri ndugu waje kulichukua. Wasipokuja, linapasuliwa kuni. Benchi la Desmond lilikuwa lipasuliwe Ijumaa. Na leo ni Alhamisi.

*

Wakili wa zamu aliingia kituoni nywele zikichuruzika maji na mdomo ukinukia siki ya chipsi alizokula garini. Jina lake Rhodri Pugh. Alikuwa bado kijana, na suti yake ilionyesha imevaliwa kwa haraka.

"Bi Beryl, mpaka sasa umewaambia nini?"

"Yote."

"Yote yapi?"

"Kijana wa mapokezi aliniuliza naendeleaje. Nikamwambia."

"Ukamwambia umeiba?"

"Nilianza na goti langu. Habari za kuiba zilikuja baadaye. Kijana msikivu sana yule. Akaniletea na chai."

Rhodri akashika kichwa kwa mikono miwili.

Usimcheke Beryl, msomaji. Tangu kiangazi kiishe hakuna mtu aliyemwuliza swali akangoja jibu. Dukani anayemwambia asante ni mashine. Daktari wake anamsemesha huku anatazama kioo cha kompyuta. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza "unaendeleaje" ukanyamaza, atakumwagia moyo wake wote mezani, na wizi atauweka juu yake. Upweke ndio uliomkamatisha. Polisi walimaliza tu kazi.

"Sikiliza, mama," Rhodri alisema. "Hili neno 'nimeiba' ni kazi yao kulithibitisha, si kazi yako kuwapa bure. Sheria ya hapa inataka mambo matano, yote kwa pamoja. Likikosekana moja tu, hakuna mwizi."

"Yataje."

"La kwanza, lazima kiwe kitu kinachoweza kumilikiwa."

"Benchi ni kitu."

"La pili, kiwe cha mtu mwingine."

"Si langu, hilo nakubali."

"Usinijibu, mama, sikiliza tu! La tatu, uwe umekitwaa, ukakifanyia kama wewe ndiye mwenyewe."

"Aa, hapo wameshindwa. Mimi sikutwaa. Nilipewa."

Kalamu ya Rhodri ikasimama. "Ulipewa na nani?"

"Na hao hao wa halmashauri. Wakaniletea mpaka nyumbani kwa lori lao."

Rhodri akamtazama kuona kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. Ilikuwa hivi. Jumatatu Beryl alivaa koti lake la Jumapili, akatembea mpaka yadini. Wafanyakazi wawili walikuwa wamekaa mlangoni wanakunywa chai. Akawaambia maneno matatu: "Nimemfuata Desmond Applegarth." Basi. Wale wanaume wakavua kofia. Wakasimama. Mmoja akatazama viatu vyake, mwingine akasema, "Pole sana, mama. Pole kwa msiba wako."

Hakuna aliyemwuliza jina. Hakuna aliyemwuliza kitambulisho. Watu wa huku watakudai karatasi ukitaka kukojoa, lakini waambie kwamba umefiwa uone! Wanaona haya kama wamekukuta bafuni. Watakubali lolote ili mradi usilie mbele yao. Basi wakalinyanyua benchi, wakalipakia, wakaliteremsha uani kwa Beryl, wakakataa biskuti mara mbili kisha wakazila zote.

"Na nilipolia," Beryl alisema, "yule mkubwa akanishika bega. Hapa."

Akapagusa mahali penyewe.

"Sasa niambie, mwanangu. Wamenipa kwa mikono yao. Wizi uko wapi?"

"Upo," Rhodri akajibu kwa huruma. "Hata ukipewa unaweza kuwa umeiba, kama aliyekupa alikudhania mtu mwingine na wewe ulijua. Majaji wakubwa walishabishana sana juu ya hilo, wakaamua hivyo."

"Ebo! Hawana kazi za kufanya?"

"La nne. Uwe na nia ya kukaa nacho moja kwa moja. Sio kuazima ukarudisha."

"Nilirudishe wapi, kwa wenye misumeno?"

"Mama, nakuomba."

"Haya, nimenyamaza. La tano?"

Kwa mara ya kwanza Rhodri akatabasamu. "La tano ndilo letu. Lazima wathibitishe kwamba hukuwa mwaminifu. Na sheria inasema wazi, ukiamini kwa moyo mweupe kwamba mwenye mali angekubali kama angejua, wewe si mwizi. Hata kama umekosea. Hebu fikiria! Mjane kachukua benchi la mumewe lisipasuliwe kuni. Nani katika nchi hii atamtia hatiani? Hakimu mwenyewe atatoa leso."

Beryl akazungusha kikombe chake cha chai.

"Mjane gani?" akauliza.

"Wewe."

"Mimi sijawahi kuolewa, mwanangu."

*

Najua, msomaji. Na wewe ulidhani hivyo hivyo. Rudi ukasome tulikotoka, hakuna mahali nilipokuambia kwamba ni mumewe. Ulijisemea mwenyewe, kama wale wa yadini.

"Basi Desmond ni nani kwako?" Rhodri akauliza, sauti imeshuka.

"Ni jina kwenye benchi. Nilizoea kukaa naye."

"Kukaa na benchi."

"Kila jioni. Na chupa yangu ya chai. Nikisema neno, nalisema pale. Nikirudi nyumbani sisemi tena mpaka kesho."

Mvua ilikuwa inagonga dirisha. Mama yake Rhodri aliishi mji wa Swansea, naye Rhodri hakuwa amempigia simu siku nyingi, na ghafla akamkumbuka vibaya sana. Lakini wakili ni wakili. Akajikaza.

"Haijaharibika kitu," alisema. "Pengine ni afadhali. Huna undugu naye, sawa. Utasema hivi: 'Niliamini familia yake wangependelea litunzwe kuliko lipasuliwe.' Sentensi moja tu. Ukiisema na wakaiamini, jioni hii uko kwako, na hakuna wa kuligusa hilo benchi mpaka ijulikane ni la nani. Usipoisema, linarudi yadini leo, na kesho ni Ijumaa. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Iseme nisikie."

"Niliamini familia yake wangependelea litunzwe kuliko lipasuliwe."

"Vizuri sana. Tena."

Akaisema tena, mgongo wima, kama mtoto mbele ya mwalimu. Akaisema vizuri kabisa.

*

Sajenti Kettlewell alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, sauti ya taratibu. Usidanganywe na utaratibu huo. Aliwasha kinasa sauti, akamwambia Beryl kwamba halazimiki kusema chochote, kisha akauliza swali jepesi kuliko yote:

"Bi Stote, ulikuwa unafikiri nini ulipokwenda kulichukua?"

Rhodri akamwashiria kwa kichwa kidogo. Sasa.

"Niliamini," Beryl akaanza, "niliamini familia yake..."

Akakishika kifungo cha juu cha koti lake.

"Familia yake?" Sajenti akasema. "Kwani kuna mtu wa familia hiyo unayemjua?"

"Halazimiki kujibu hilo," Rhodri akadakia.

Ni kweli, halazimiki. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema hapana, neno moja dogo, na hakuna binadamu ambaye angembishia. Benchi lingebaki lake. Mimi ningekuwa yeye ningesema hapana na ningeapa juu yake.

Beryl akamtazama Sajenti, ambaye alikuwa ametulia tu, anangoja jibu.

"Namjua binti yake," alisema. "Imogen."

Rhodri akafumba macho.

"Alikuwa anakuja kila majira ya kuchipua na maua. Anayafunga pale kwenye egemeo, anaondoka. Mwaka huu alikuja mikono mitupu. Akakaa upande mmoja wa benchi, mimi upande mwingine. Nikamwuliza, mwanangu, leo hukuleta maua? Akaniambia, sitaleta tena. Akasema ameshawaambia halmashauri halipii tena wala halichukui, walipasue."

"Alikuambia kwa nini?"

"Alisema baba yake hakupenda bahari wala nini. Alikuwa anakuja pale kila jioni kuwakimbia. Akitoka kazini anapitiliza nyumbani kwake, anaenda kukaa benchini mpaka watoto walale. Alipokufa, mkewe akamnunulia benchi pale pale na kuandikisha yale maneno. Hakuyaandikisha kwa mapenzi, afande. Alimkomoa."

Sajenti akavaa miwani yake.

"Kwa hiyo ulijua kwamba mwenye haki nalo hakutaka libaki."

"Nilijua."

"Wala hukuamini kwamba angekubali ulichukue."

"La."

"Je, ulidhani mtu mwingine yeyote, wa kawaida tu, angeona ulichofanya ni uaminifu?"

"Mimi mwenyewe niliona si uaminifu. Ndiyo maana nikavaa koti zuri."

Hapo basi, msomaji. Kitu, cha mtu mwingine, kimetwaliwa, moja kwa moja, bila uaminifu. Yote matano, na hakuna aliyemlazimisha. Rhodri akafunga kalamu yake akaiweka mfukoni.

Sajenti Kettlewell hakuzima kinasa sauti. "Lakini kwa nini, mama?" akauliza, na safari hii haikuwa sauti ya polisi. "Viti si unavyo nyumbani?"

"Ninavyo viwili," Beryl akajibu. "Hicho cha pili ndicho kinachonishinda."

*

Walikaa wawili wakisubiri wakati Sajenti amekwenda kupiga simu.

"Ulikuwa na sentensi moja tu, Bi Beryl," Rhodri alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. "Moja."

"Ilikuwa ya uongo, mwanangu. Ningelikalia vipi tena baada ya hapo?"

"Watu wanakalia uongo kila siku."

"Basi hao wana wa kukaa nao."

Rhodri akanyanyuka. Akamletea chai nyingine, na akasahau makusudi kwamba saa yake ya zamu ilikuwa imekwisha.

Mlango ukafunguliwa. Sajenti Kettlewell alisimama pale, miwani imepanda kichwani, uso wa mtu aliyesikia jambo asilolitegemea.

"Halmashauri hawataki makuu," alisema. "Wanaona aibu, watu wao wenyewe ndio waliobeba. Wamemwachia binti aamue. Nimezungumza naye."

"Amesemaje?" Rhodri akaruka.

"Hataki mahakama. Ila ana sharti." Akamgeukia Beryl. "Kesho asubuhi benchi linapasuliwa kama ilivyopangwa. Anataka uwepo. Anataka mlipasue pamoja, yeye na wewe, kwa mikono yenu. Ukikubali, jalada nalifunga, hakuna kesi, jina lako safi. Ukikataa, nakushtaki leo leo, na benchi litapasuliwa siku nyingine."

"Huo ni ukatili," Rhodri alisema.

"Na mimi nilidhani hivyo. Nikamwuliza, kwa nini yeye? Akaniambia hana mtu mwingine wa kwenda naye."

Beryl alishtuka kama aliyeitwa jina lake kwenye umati.

"Yuko kwenye simu mpaka sasa," Sajenti akaongeza. "Anasubiri."

Rhodri akamwinamia. "Kubali, mama. Nakusihi. Huoni? Benchi umeshalikosa kwa vyovyote vile. Lakini huyu ni mtu. Mtu hai, anayetaka kukuona kesho. Sema ndiyo, basi."

Ni kweli kabisa, na Beryl alilijua hilo kabla hajamaliza kuambiwa. Akanyanyuka, goti likalalamika, akafuata korido mpaka mezani ilipokuwa simu, Sajenti na Rhodri nyuma yake. Akaiweka sikioni.

"Bi Beryl?" Sauti ilikuwa nyembamba, imechoka. "Ni wewe yule wa chupa ya chai?"

"Ni mimi."

"Sijui kama utaniona mwendawazimu. Nimekuwa nasema nitakwenda peke yangu, nasema hivyo tangu majira ya kuchipua. Sitaki kusimama pale peke yangu. Utakuja?"

Neno moja, msomaji. Ndiyo. Angelisema, angelala kwake, kesho angekuwa na mtu wa kusimama naye, na kesho kutwa pengine mtu wa kunywa naye chai kwenye kile kiti cha pili. Kila kitu alichokikosa kilikuwa kwenye waya ule, kinamwomba.

Beryl akaishika simu kwa mikono miwili.

"Imogen," alisema, "siku ile sikukuambia yote."

"Yote yapi?"

"Baba yako hakuwa akikaa pale peke yake."

Nyuma yake Sajenti Kettlewell akaacha kuandika. Rhodri alikuwa anavaa koti, akasimama mkono mmoja ndani, mmoja nje.

"Unasema nini?"

"Nilikuwa natoka hotelini saa ile ile. Alikuwa anakaa na mimi."

Upande wa pili kiti kikakwaruza sakafu.

"Kila jioni?" Imogen akauliza.

"Isipokuwa Jumapili."

"Jumapili alikuwa nyumbani." Sauti sasa haikuwa nyembamba tena. "Jumapili alikuwa anakaa dirishani kutwa nzima, hatusemeshi. Mimi nilikuwa nakaa miguuni pake nikingoja anisemeshe. Na wewe alikuwa anakusemesha?"

Beryl akashika ukingo wa meza.

"Nijibu. Alikuwa anakusemesha?"

"Ndiyo, mwanangu. Sana."

"Usiondoke hapo kituoni," Imogen alisema. "Nakuja sasa hivi. Utaniambia kila alichosema, neno kwa neno, hata kama tutakesha."

Simu ikakatwa, na Beryl akabaki ameishikilia sikioni.